Hewa kwanza, tyubu baadaye: niliyojifunza nikisomea usingizi

Mwanafunzi wa usingizi, yaani kazi ya kumlaza mgonjwa wa upasuaji kwa dawa, akiingia thieta kwa mara ya kwanza, macho yake huenda kwenye laringoskopu, chombo chenye taa na bledi ya kutazamia kooni na kuingizia tyubu ya hewa. Darasa letu lilikuwa hivyo. Jioni tukikutana kwenye chakula, swali lilikuwa moja: leo umeweka tyubu ngapi? Aliyetaja idadi kubwa alisikilizwa, na aliyeshinda ameshika maski kutwa nzima aliachwa amalizie ugali wake. Naandika haya kwa ajili ya manesi na matabibu mnaoanza kozi sasa, hasa mnaotoka hospitali za wilaya ambako mtarudi na kuwa peke yenu usiku, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote katika kazi hii tulilielewa kwa kuchelewa: mgonjwa hafi kwa kukosa tyubu, anakufa kwa kukosa oksijeni.

Kozi ina gharama ambazo fomu ya maombi haizitaji. Nilikuwa nesi wa wodi ya upasuaji. Posho za zamu zilikatika, nikapanga chumba karibu na hospitali, watoto wakabaki kwa bibi yao. Vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza na bei yake ni kubwa, kwa hiyo tulidurufu sura moja moja na kugawana. Kama una familia, kubalianeni mapema nani atalea na nani atatuma nini, maana mtu anayewaza ada ya mtoto hawezi kusimama kichwani kwa mgonjwa akili yake ikiwa nzima.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya anatomia. Tulikariri kwamba zoloto, kisanduku cha sauti, lina gegedu tisa, tatu zisizo na pacha na nyingine jozi tatu. Tulikariri kwamba mshipa wa fahamu unaorudi kutoka kifuani unaendesha misuli yote ya ndani ya zoloto isipokuwa mmoja, na kwamba upande wa kushoto mshipa huo unapita chini ya aota kabla ya kupanda tena. Mtihani tuliufaulu. Kisha mwalimu wetu, mama mtu mzima aliyefanya kazi hii tangu enzi za etha, dawa ya zamani ya usingizi, akatupanga wawili wawili na kusema: "Haya wanangu, nionyesheni kwa kidole utando wa krikothiroidi wa mwenzako." Kimya. Kwa wanaume wembamba tuliupata. Kwa dada mmoja mwenye shingo nene, kila mmoja wetu aligusa mahali pake, na hakuna aliyefanana na mwingine.

Fanya zoezi hili leo, kwenye shingo yako mwenyewe. Weka kidole chini ya kidevu, katikati kabisa, ushuke taratibu. Utakutana na mfupa wa haiodi, kisha kijipengo cha juu cha gegedu ya thiroidi, ile inayojitokeza kwa wanaume. Endelea kushuka juu ya gegedu hiyo mpaka kidole kizame kidogo kwenye kishimo laini. Chini ya kishimo kuna pete ngumu: hiyo ndiyo krikoidi. Kishimo ndicho utando wenyewe, na siku njia nyingine zote zimefungwa, hapo ndipo kisu kitapita. Ukishaweza kwako, fanya kwa mumeo au mkeo, kwa jirani mnene, kwa mama mjamzito kliniki akikuruhusu. Wanawake ni wagumu zaidi kuliko wanaume kwa sababu gegedu yao haijitokezi. Mlaze mtu chali na umnyooshe shingo, kwani ndivyo utakavyomkuta siku ya shida.

Thieta tulianza kwa maski, na maski tu. Tulilalamika. Mwalimu hakubadilika: hakuna aliyeruhusiwa kugusa laringoskopu kabla ya kuonyesha kwamba anaweza kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, wembamba kwa wanene, wenye meno na vibogoyo. Leo namshukuru kuliko walimu wangu wengine wote.

Mgonjwa akilala usingizi, misuli inalegea, ulimi na kaakaa laini vinarudi nyuma na kuziba koromeo. Ulimi umeshikamana na taya la chini, kwa hiyo ukiliinua taya mbele, ulimi unafuata. Hiyo ndiyo anatomia yote ya maski, na ndiyo wanafunzi wengi huisahau wakianza kuhangaika. Wanaikandamiza maski usoni, na kadiri wanavyokandamiza ndivyo taya linavyorudi nyuma na njia inavyozidi kuziba. Lete uso kwenye maski, usipeleke maski usoni. Kidole gumba na cha shahada vishike maski, vitatu vilivyobaki viwe juu ya mfupa wa taya. Vikikaa kwenye nyama laini chini ya kidevu, unasukuma ulimi juu kwa mkono wako mwenyewe.

Kama kifua hakipandi, usibonyeze mfuko kwa nguvu zaidi, maana hewa itaenda tumboni na mgonjwa atatapika. Weka kifaa cha mdomoni cha kushikilia ulimi, ukipime kutoka pembe ya mdomo mpaka pembe ya taya. Kisha shika maski kwa mikono miwili na mtu mwingine abonyeze mfuko. Kuita mtu wa pili si aibu. Nesi wa thieta anaweza, hata mhudumu ukimfundisha anaweza. Mzee mwenye meno ya bandia yaliyokaa vizuri, mwachie wakati wa maski ili mashavu yasizame, uyatoe kabla ya kuingiza bledi.

Jambo la pili alilotushikilia nalo ni oksijeni kabla ya dawa. Hapa hesabu ni fupi na inafaa uwe nayo kichwani. Mtu mzima aliyetulia anatumia takriban mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Akishatoa pumzi ya kawaida, mapafu yanabaki na kama lita mbili na nusu za hewa. Hewa ya chumba ina oksijeni asilimia 21 tu, kwa hiyo akiba yake ni nusu lita, na haiishi yote kabla hajaanza kuumia. Ukiijaza akiba hiyo kwa oksijeni tupu dakika tatu, maski ikiwa imebana vizuri, mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua kabla oksijeni haijaanza kuporomoka. Ukiwa na haraka ya kweli, pumzi nane nzito ndani ya dakika moja zinasaidia. Mjamzito wa miezi ya mwisho ana akiba pungufu kwa karibu asilimia 20, na matumizi yake yameongezeka kwa kiasi kama hicho. Kwake dakika tatu hizo hazina mjadala.

Daktari mpasuaji atakuuliza kama bado. Jibu kwa heshima na bila kutikisika: "Daktari, naomba dakika tatu." Nilipata shida na hili, kwa sababu nimelelewa kwenye wodi ambako nesi hamwambii daktari asubiri. Lakini mwenye dhamana ya pumzi ya mgonjwa ni aliyesimama kichwani.

Kama una ambu, mfuko wa kupumulishia kwa mkono, hakikisha mfuko wa akiba umefungwa nyuma yake. Bila huo mgonjwa anapata oksijeni iliyochanganyika na hewa ya chumba. Kama unategemea konsentreta, mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, jua silinda iko wapi, ifungue kabla hujaanza na uone mshale wake umesimama wapi. Umeme wetu mnaujua.

Hatimaye ikaja laringoskopu. Nusu ya kazi inafanyika kabla hujaigusa, kwenye mto. Tundu la sikio liwe usawa mmoja na kishimo cha juu ya mfupa wa kifua, uso ukitazama dari. Kwa mwembamba mto mmoja unatosha. Kwa mnene au mjamzito kunja mashuka, mablanketi, chochote, umpandishe kuanzia mabegani. Tazama kwa pembeni uhakikishe. Wengi tuliowaita wagumu walikuwa wamelazwa vibaya tu.

Bledi iliyopinda tunayoitumia aliitengeneza Robert Macintosh, 1943, na ukiielewa fikra yake mkono unatulia. Ncha haigusi kidakatonge, kile kifuniko cha zoloto. Inaingia kwenye bonde lililo kati ya shina la ulimi na kidakatonge, inabana kano iliyoko pale, na kidakatonge kinainuka chenyewe. Kwa hiyo ingia pembe ya kulia ya mdomo, sogeza ulimi wote kushoto, kisha nenda polepole huku unatafuta kitu kimoja: kidakatonge. Kosa nililoliona kwa wenzangu wengi ni kusukuma bledi yote ndani kwa mara moja. Ncha inafika kwenye umio, na unachokiona ni nyama ya waridi isiyo na jina. Ukikipata kidakatonge umejua uko wapi, na unajua glota, mlango wa njia ya hewa, iko chini yake. Inua kuelekea pale dari inapokutana na ukuta wa mbele yako, kwa bega na mkono mzima. Ukikunja kifundo cha mkono umegeuza meno ya juu kuwa egemeo, na jino likivunjika linaweza kuangukia kwenye pafu.

Mkono wa kulia nao una kazi: ushike zoloto kwa nje, ulisukume nyuma, juu, na kidogo kulia, mpaka nyuzi za sauti zionekane, kisha mwambie msaidizi ashike hapohapo. Cormack na Lehane, 1984, waligawa tunachokiona katika madaraja manne, kuanzia glota nzima hadi kutoona hata kidakatonge. Daraja la tatu, unapoona kidakatonge peke yake, ndilo la buji, fimbo nyembamba inayotangulia kuiongoza tyubu. Ipitishe chini yake katikati, na ikiwa imeingia njia ya hewa utasikia pete za gegedu zikikwaruza vidoleni. Buji ni kifaa cha bei ndogo kilichookoa watu wengi. Ukifika hospitali isiyo nayo, andika barua ya kuiomba wiki hiyohiyo.

Tyubu imeingia. Imeingia wapi? Ushahidi tunaoutegemea ni hewa ya ukaa inayotoka kila pumzi na kuchora mawimbi kwenye kapnografu. Hakuna mawimbi, hesabu kwamba tyubu iko kwenye umio mpaka uthibitishe vinginevyo. Ukungu ndani ya tyubu unaweza kudanganya, kifua kinachopanda kinaweza kudanganya, na oksimita, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, inachelewa: kwa mgonjwa uliyemjaza oksijeni vizuri inaweza kusoma 98 kwa dakika nzima na zaidi huku tyubu iko tumboni. Penye upungufu wa vifaa, ona kwa macho yako tyubu ikipita katikati ya nyuzi, sikiliza tumbo kwanza, kisha kwapa zote mbili. Ukiwa na shaka, itoe, rudi kwenye maski. Halafu kina: trakea, bomba la hewa, ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 tu, na tawi la kulia ni pana, fupi na limenyooka zaidi kuliko la kushoto. Tyubu ikizidi inakwenda huko na pafu la kushoto linanyimwa. Sentimita 21 kwenye meno kwa wanawake, 23 kwa wanaume, kisha usikilize tena kila mgonjwa anapogeuzwa.

Usiku ulionifanya niandike haya aliletwa mama mwenye kifafa cha mimba. Alikuwa amedegedeka wodini, ameuma ulimi, ulimi umevimba, uso umejaa maji, na fahamu zinakuja na kupotea. Ganzi ya mgongo isingewezekana. Mwalimu alisimama kichwani, mimi kando yake. Kabla ya dawa alisema kwa sauti, thieta nzima isikie: "Jaribio la kwanza bledi ya kawaida. La pili buji na tyubu namba 6. Ikishindikana tunaacha, tunaweka maski ya zoloto, ile inayokaa juu ya mlango wa njia ya hewa. Ikishindikana na hiyo, na maski ya uso nayo ikikataa, kisu kiko hapa." Akapapasa shingo, akachora alama ya kalamu juu ya utando.

Jaribio la kwanza aliona ncha ya kidakatonge tu. Akampumulisha kwa maski, mimi nikibonyeza mfuko. La pili, buji ilikataa. Damu ya ulimi ilikuwa imejaa, sakshoni inafyonza na inajaa tena. Oksimita ikapita 90 ikishuka, na chini ya 90 kushuka kunakuwa kwa kasi. Nilitamani aendelee. Nilikuwa na uhakika mara moja zaidi itaingia. Akatoa bledi na kusema, "Tumeacha tyubu." Akaweka maski ya zoloto, ile yenye njia ya kupitisha mpira wa tumbo, kifua kikapanda, namba zikageuka. "Daktari, anza." Mtoto alilia. Mama aliamka, na siku iliyofuata tuliambiwa anaulizia uji.

Baada ya zamu nilikaa chumba cha kubadilishia nguo, mikono inatetemeka, na nililia. Wengine mtalia pia, msijifiche. Zungumza na mtu aliyekuwepo.

Kesho yake mwalimu alitusimulia kisa cha Elaine Bromiley, mama wa Kiingereza aliyeingia upasuaji mdogo wa pua mwaka 2005. Njia ya hewa iliziba baada ya kupewa usingizi. Madaktari wenye uzoefu waliendelea kujaribu tyubu huku oksijeni ikiwa chini sana, ilhali wauguzi walikuwa wameshaleta vifaa vya kufungulia shingo. Hakuzinduka. Mumewe, rubani wa ndege, aliamua kisa hicho kifundishwe, na miongozo ya Uingereza ya 2015 iliweka ukomo: majaribio matatu, na la nne kwa aliye mzoefu zaidi tu. Kwa mama mjamzito ni mawili, la tatu kwa mzoefu. Kilichomwokoa mama yetu ni kwamba uamuzi wa kuacha ulifanywa kabla ya kuanza, akili ikiwa imetulia. Sema mpango wako kwa sauti kila siku, hata kwa mgonjwa mwepesi, na mwombe nesi wa thieta akuhesabie majaribio.

Vipimo vya kutabiri ugumu fanya, ila usiviabudu. Kipimo cha Mallampati cha 1985, cha kutazama nyuma ya mdomo, mgonjwa akiwa amekaa, mdomo wazi, ulimi nje, bila kutoa sauti. Vidole vitatu vyake viingie mdomoni. Vidole vitatu kati ya kidevu na gegedu ya thiroidi. Shingo ipinde na kunyooka. Wapo wanaofaulu vyote na bado wakakusumbua. Kwetu hata hivyo wagumu wengi huwaona tangu mlangoni: rovu kubwa linalosukuma trakea pembeni, mtoto aliyeungua kidevu kikashikana na kifua kwa kovu, jipu la jino lililoinua sakafu ya mdomo, kijana wa bodaboda aliyevunjika taya na ambaye shingo yake huijui. Hao usiwape dawa ya kulegeza misuli ukiwa peke yako. Pumzi yao wenyewe ndiyo msaada wao mkubwa. Waache wapumue, wakalishe kama wanapata nafuu wakikaa, na kama hali inaruhusu wapeleke rufaa na oksijeni, ukisindikiza mwenyewe.

Watoto wanahitaji andiko lao. Yatosha kusema kwamba kisogo chao ni kikubwa, kwa hiyo mto uwe chini ya mabega. Ulimi ni mkubwa, zoloto liko juu zaidi, na oksijeni yao inaisha upesi mno. Namba ya tyubu isiyo na puto la kuziba pembeni: umri gawanya kwa nne, jumlisha nne. Yenye puto, toa 0.5 kwenye jibu hilo. Njia ya hewa yenye upana wa milimita nne ikivimba milimita moja kuzunguka, robo tu ya nafasi ndiyo inabaki. Usijaribu mara nyingi.

Kutoa tyubu nako kuna hatari ambayo wanafunzi huidharau kwa sababu upasuaji umeisha na kila mtu anataka kwenda nyumbani. Fyonza mate na damu, mpe oksijeni, msubiri afumbue macho na kufuata maagizo, au umtoe akiwa bado usingizi mzito. Katikati ya hapo nyuzi za sauti hubana. Zikibana, sukuma taya mbele, kaza maski yenye oksijeni tupu, usimwache hata sekunde, na dawa ya kulegeza iwe imeshavutwa kwenye sindano.

Na mgonjwa aliyekuhangaisha ana haki ya kujua. Akishaamka vizuri mweleze, kisha mwandikie barua, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kitabibu: nini kilishindikana, uliona daraja gani, maski ilishika au haikushika, nini kilifanikiwa, na namba gani ya kifaa. Mwambie aihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, na umweleze pia ndugu aliyekuja naye, kwa sababu safari ijayo huenda akaletwa akiwa hawezi kusema.